Carl Schmitt, Mkosoaji wa Uliberali, Katika Mizani ya Fiqhi

  

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu alitujia na karatasi alizozitoa kopi kutoka tafsiri ya Kiarabu ya mwanasheria wa Kijerumani aitwaye Carl Schmitt. Alikuwa na furaha kubwa. Akasema: “Sheikh, huyu ni mtu wao wenyewe, na amewavua nguo. Amethibitisha kwamba uliberali hauna msingi.” Wenzake wakamuunga mkono. Tukamuuliza: “Mwanangu, na baada ya kuwavua nguo, aliwavisha nini?” Hakuwa na jibu. Karatasi zake zilikuwa za kitabu cha mwaka 1922, na jibu la suali letu liliandikwa mwaka 1934.

Kwa ajili ya kijana yule na walio mfano wake tumeona tuandike maneno haya. Siku hizi wamekuwa wengi miongoni mwa vijana wetu wanaofurahia kila Mzungu anayeukosoa uliberali, wakampokea bila ya kumpima. Hikima ni kitu kilichompotea Muumini, na popote aipatapo ana haki zaidi nayo. Hilo tumelisoma tangu chuoni. Lakini mwenye kuokota sokoni hutazama anachokiokota kabla ya kukitia mfukoni.

Tunapotaja uliberali tunakusudia ile itikadi inayomfanya mtu binafsi na haki zake kuwa msingi wa dola, inayoitaka dola isiegemee dini yoyote, na inayodai kwamba mizozo yote ya watu yaweza kumalizwa kwa mjadala, kura na sheria zilizoandikwa.

MAISHA YAKE KWA UFUPI

Carl Schmitt alizaliwa tarehe 11 Julai 1888 katika mji mdogo wa Plettenberg, magharibi mwa Ujerumani, katika nyumba ya Wakatoliki walioishi miongoni mwa majirani wengi Waprotestanti. Alisoma sheria Berlin, Munich na Strasbourg, na mwaka 1910 akapata shahada ya udaktari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia ofisi ya jeshi mjini Munich, na kazi yake ilihusu sheria za hali ya vita, yaani namna dola inavyoziweka kando sheria za kawaida inapohofia usalama wake. Basi suala lililomshughulisha umri wake wote lilimfikia kazini akiwa bado kijana.

Ujerumani ilishindwa vitani mwaka 1918 na mfalme wake akaondoka. Tarehe 11 Agosti 1919 ikatiwa saini katiba mpya, iliyojulikana kwa jina la mji wa Weimar. Ilikuwa katiba ya kiliberali: ina bunge, ina vyama, ina orodha ndefu ya haki za raia. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu cha 48, kilichompa Rais uwezo wa kuchukua hatua za dharura na kuzisimamisha baadhi ya haki hizo pindi amani ya nchi ikivurugika. Rais wa kwanza, Friedrich Ebert, alikitumia kifungu hicho zaidi ya mara 130. Ilipofika mwaka 1932, nchi ilikuwa ikiendeshwa kwa amri za dharura kuliko kwa sheria za Bunge.

Katika miaka hiyo Schmitt alifundisha vyuo vikuu vya Greifswald na Bonn, kisha Berlin, na akaandika vitabu vilivyompa jina: juu ya udikteta (1921), juu ya theolojia ya kisiasa (1922), juu ya hali ya mabunge (1923), juu ya maana ya siasa (makala mwaka 1927, kitabu mwaka 1932) na juu ya nadharia ya katiba (1928). Alikuwa mwandishi mwenye kalamu kali na sentensi fupi, na hata wapinzani wake hawakumnyima sifa hiyo.

ALIYOYASEMA JUU YA ULIBERALI

Hoja zake ni nyingi, ila zinarudi kwenye mambo matatu.

La kwanza ni dharura. Waliberali husema kwamba katika dola yao hatawali mtu, inatawala sheria. Schmitt akauliza: na siku isiyo ya kawaida je? Siku ya uasi, ya vita, ya njaa, ambayo haikuandikwa katika kanuni yoyote? Lazima atokee mtu aseme kwamba hii ni dharura, na aseme la kufanywa. Kwa Schmitt, mtu huyo ndiye mwenye mamlaka ya mwisho, hata kama katiba imemficha. Akaongeza kuwa istilahi kuu za nadharia ya dola ya kisasa ni istilahi za dini zilizovuliwa dini: mtunga sheria muweza wa yote amechukua nafasi ya Mungu, na dharura katika sheria ni mfano wa muujiza katika itikadi.

La pili ni mjadala. Bunge, alisema, lilijengwa juu ya imani kwamba watu wakijadiliana hadharani haki itadhihiri. Lakini mabunge ya zama zake hayakuwa na mjadala wa kweli. Maamuzi yalipitishwa faraghani, katika kamati na baina ya wakuu wa vyama na wenye mali, kisha watu wakaja barazani kusomeana hotuba. Imani iliyolijenga jengo imekufa, jengo limebaki.

La tatu ni rafiki na adui. Kila fani ina kipimo chake: maadili yana wema na ubaya, biashara ina faida na hasara. Siasa, kwa Schmitt, kipimo chake ni kumpambanua rafiki na adui, na taifa lisiloweza kumtambua adui wake limekwisha kuwa taifa. Uliberali hukimbia ukweli huu. Humgeuza adui akawa mshindani wa biashara au mpinzani wa hoja, na unapolazimika kupigana husema kwamba unapigana kwa ajili ya ubinadamu wote. Na vita vya namna hiyo, akaonya, ndivyo vikali zaidi, kwa sababu anayepigwa huwa ameshatolewa katika ubinadamu.

PALE ALIPOSEMA KWELI

Uadilifu ni kumpa kila mwenye haki haki yake, hata kama humpendi. Schmitt aliona mambo ambayo wengi wa wenzake hawakuyaona, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu.

Uingereza ni nchi inayojivunia utawala wa sheria kuliko nyingi duniani. Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wake wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari, nayo ikaendelea hadi Januari 1960. Watu kwa maelfu wakafungwa kambini bila ya kuhukumiwa, na vijiji vizima vikahamishwa. Sheria zile zile zilizomlinda raia wa London hazikumfaa kitu mkulima wa Nyeri. Ni nani aliyeamua kuwa ile ni dharura? Si Mkikuyu aliyefungwa. Na Januari 2002 Marekani ilifungua gereza la Guantanamo, ikawaweka humo Waislamu wengi miaka mingi bila mashitaka. Haikuwa ajabu kwamba katika miaka ile maandishi ya Schmitt yalisomwa upya katika vyuo vikuu vya Magharibi.

Tena, katika kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya kugawanywa kwa ardhi ya dunia, Schmitt alieleza kwamba mataifa ya Ulaya yaliwekeana adabu za vita ndani ya bara lao, ilhali ardhi zilizo nje yake ziliachwa wazi kwa mwenye kuzinyakua. Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 aliutaja kuwa unyakuzi wa mwisho walioufanya kwa pamoja. Sisi hatuhitaji kusomewa maana ya maneno hayo. Mwaka uliofuata, Wajerumani na Waingereza walikaa wakapatana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar bara ni ukanda wa maili kumi tu kutoka ufukweni. Na Desemba 1889 Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani kwa kuupinga utawala wa Wajerumani.

Basi kwamba uliberali una mlango wa nyuma, na kwamba mlangoni hapo amesimama mtu mwenye upanga, hilo ni kweli. Schmitt hakulizua.

SIKU YA MTIHANI

Mtu hujulikana kwa elimu yake siku elimu hiyo inapotakiwa imgharimu kitu.

Julai 1932 serikali kuu ya Ujerumani ilitumia amri ya dharura kuiondoa serikali ya jimbo la Prussia. Kesi ikafika mahakama ya katiba mjini Leipzig mwezi wa Oktoba. Schmitt alisimama upande wa serikali kuu. Upande wa pili alikuwamo mwanasheria Hermann Heller, ambaye mwaka uliofuata alifia uhamishoni Madrid.

Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler akawa Waziri Mkuu. Usiku wa tarehe 27 Februari jengo la Bunge likaungua, na kesho yake ikatolewa amri ya dharura kwa nguvu ya kifungu kile kile cha 48, ikisimamisha haki za msingi. Amri hiyo haikuondolewa mpaka dola yenyewe ilipoanguka mwaka 1945. Dharura ya siku moja ikawa miaka kumi na miwili.

Tarehe 1 Mei 1933 Schmitt alijiunga na chama cha Hitler. Mwaka huo alikuwa Chuo Kikuu cha Cologne. Mwanasheria mkubwa Hans Kelsen, mwenye asili ya Kiyahudi, alipofukuzwa hapo, walimu wenzake wa kitivo waliandika barua ya kumtetea. Schmitt peke yake hakutia saini. Punde akapewa cheo cha Mshauri wa Dola ya Prussia na uprofesa Berlin.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 30 Juni 1934. Hitler aliamuru kuuawa wakuu wa kikosi chake mwenyewe pamoja na watu wengine aliowachukia. Waliouawa bila ya kesi wanajulikana kuwa wasiopungua 85. Miongoni mwao alikuwa Kurt von Schleicher, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, pamoja na mkewe. Schmitt alikuwa karibu na watu wa Schleicher miaka miwili kabla, na aliwahi kuwapa ushauri wake wa kisheria. Tarehe 3 Julai serikali ikatoa sheria ya kusema kwamba yaliyofanyika yalikuwa halali kwa kuwa dola ilikuwa ikijihami.

Na tarehe 1 Agosti 1934, katika jarida la wanasheria alilolihariri mwenyewe, Schmitt alichapisha makala iliyodai kwamba kiongozi yule ndiye mlinzi wa sheria. Kwamba saa ya hatari huwa yeye ni hakimu mkuu, na kitendo chake ndicho sheria. Hilo ndilo vazi alilowavisha. Maiti za watu aliowajua hazijapoa, naye ameshika kalamu anawapa wauaji wao fatwa.

Hakuishia hapo. Oktoba 1936 aliongoza mkutano wa wanasheria dhidi ya Wayahudi, akataka kila mwandishi wa Kiyahudi anaponukuliwa atiwe alama ya Uyahudi wake. Ilhali mwaka 1932 alikuwa amempendekeza kijana mmoja msomi wa Kiyahudi, Leo Strauss, apate ufadhili wa masomo. Strauss huyo ndiye aliyeandika, mwaka ule ule, sharhe ya kitabu cha Schmitt na kutoa kosoa ambalo hadi leo halijapata jibu zuri: kwamba Schmitt anaubomoa uliberali akiwa bado amekaa ndani ya nyumba yake.

Desemba 1936 gazeti la kikosi cha SS lilimshambulia Schmitt na kumwita mfuata upepo. Akapoteza vyeo vyake vya chama, ingawa alibaki na uprofesa mpaka 1945. Waamerika wakamfunga zaidi ya mwaka mmoja, wakamhoji Nuremberg mwaka 1947, wakamwachia bila ya kumshitaki. Hakurudishiwa tena nafasi ya kufundisha, wala hakukubali kupitia utaratibu wa kujisafisha na Unazi. Alirudi Plettenberg, akaendelea kuandika na kupokea wageni, na akafa tarehe 7 Aprili 1985, akiwa na umri wa miaka 96.

MIZANI YA DHARURA

Atasema mtu: dhambi ya mwandishi si hoja ya kuvunja maandishi yake. Ni kweli, na ndiyo maana tumekwisha kumpa haki yake. Lakini hapa dhambi ilitoka ndani ya nadharia yenyewe. Tutazame dharura inavyokaa katika fiqhi yetu.

Mafaqihi hawakuwahi kudai kwamba sheria haina siku ngumu. Katika Suratul Baqara, aya ya 173, Mwenyezi Mungu (S.W.) alipoharamisha mzoga na nguruwe alimtoa mwenye kushikwa na dharura, kwa sharti kwamba asiwe mwenye kutamani wala kupindukia. Kutokana na aya hii na mfano wake maulamaa walitoa kanuni mbili zinazokwenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja: kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Schmitt aliijua ya kwanza tu. Mwenye kutembea kwa mguu mmoja hufika pale Schmitt alipofika.

Imam Ghazali (aliyefariki 505 H.) aliliuliza katika Al-Mustasfa suala zito kuliko yote: maadui wamewafanya mateka Waislamu kuwa ngao, je, yafaa kupiga ilhali mateka watakufa? Hakusema kwamba Imamu aamue atakavyo. Aliweka masharti matatu: dharura iwe ya kweli, iwe ya yakini, na hatari iwe ya umma mzima. Kisha akaleta mfano wa watu wa jahazi linalozama, ambao wangeokoka lau wangemtupa mmoja wao baharini. Akasema haifai, hata kwa kura, maana wao si umma wote. Ndugu msomaji, linganisha jahazi hilo na usiku wa tarehe 30 Juni.

Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 H.), mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alikuwa Misri pale Watatari walipokwisha kuiangamiza Baghdad, nao wako njiani. Sultani Qutuz alitaka kuchukua mali za raia kwa ajili ya jihadi. Palikuwa na dharura iliyo wazi kuliko hiyo? Sheikh alitoa fatwa ya kuruhusu, lakini baada ya sharti: kwanza hazina ya dola iwe imekwisha, na maamiri watoe dhahabu zao, mikanda yao na mapambo yao, mpaka kila askari abaki na farasi wake na silaha yake sawa na mtu wa kawaida. Jeshi lile ndilo lililoshinda Ain Jalut mwezi wa Ramadhani 658 H., sawa na Septemba 1260. Dola haikuanguka kwa sababu mwanachuoni aliishikisha mizani.

Kabla yao wote, Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa njaa kuu, 18 H., hakumkata mkono mwizi aliyeiba kwa shida, na yeye mwenyewe akajizuia kula samli na nyama mpaka watu wapate. Hapa ndipo ilipo tofauti yenyewe. Katika fiqhi, dharura humshukia mnyonge ikampunguzia adhabu, na humpandia mtawala ikamwongezea mzigo. Kwa Schmitt, dharura humwondolea mtawala mzigo na kumwacha mnyonge bila ya kadhi. Majina ni mamoja, mambo ni mbali mbali.

Na asili ya kosa hili ni katika itikadi. Schmitt mwenyewe alisema kwamba dola ya kisasa imechukua sifa za Mungu. Badala ya kulifanya hilo kuwa lawama, akamtafutia mtu wa kuzibeba. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 23, tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu peke Yake ndiye asiyeulizwa kwa alitendalo, na wengine wote wataulizwa. Mtawala asiyeulizwa, ambaye kitendo chake ndicho sheria, amevishwa kanzu isiyokuwa yake. Sayyidna Abubakar (R.A.) siku ya kwanza ya ukhalifa wake aliwaomba watu wamsaidie akiwa sawa na wamnyooshe akipotoka. Alijua kuwa anaulizwa.

Wala uliberali haukupona kwa hoja hii. Kumweka mtu binafsi mahali pa mwisho na kumweka kiongozi mahali pa mwisho ni kuhamisha kiti kile kile kutoka chumba hiki hadi chumba kile. Hilo ndilo tunaloliona katika neno la Strauss.

RAFIKI NA ADUI

Katika kitabu chake juu ya maana ya siasa, Schmitt aliifasiri amri ya Injili ya kumpenda adui kwamba yahusu adui wa mtu binafsi, si adui wa taifa. Ushahidi wake ni sisi: katika miaka elfu ya mapambano baina ya Wakristo na Waislamu, alisema, hakuna Mkristo aliyefikiri kuitoa Ulaya kwa Waarabu au Waturuki kwa sababu ya mapenzi. Kwa hiyo vijana wetu wanaomshangilia wajue ya kwamba katika kitabu hicho Mwislamu ametajwa, na ametajwa kuwa mfano wa adui.

Sisi hatukatai kwamba adui yupo. Qur’ani imemtaja, na Mtume (S.A.W.) amepigana. Ila uadui katika dini yetu una mipaka miwili ambayo Schmitt hakuiweka. Mpaka wa kwanza ni uadilifu: Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Mpaka wa pili ni matumaini: Suratul Mumtahina, aya ya 7, yatuambia kwamba huenda Mwenyezi Mungu akatia mapenzi baina yetu na wale tunaowaona maadui, na aya inayoifuata haitukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Abu Sufyan aliongoza jeshi Uhud, na siku ya kufunguliwa Makka nyumba yake ikafanywa mahali pa amani. Siasa ambayo haiwezi kuishi bila ya adui isingejua la kufanya na siku kama ile.

TUSIJITAKASE

Ingekuwa hiana kumaliza hapa, kana kwamba ugonjwa wa Schmitt haujawahi kuingia misikitini. Kadhi Ibn Jama'a (aliyefariki 733 H.) aliandika kwamba mwenye kuuchukua utawala kwa nguvu, utii wake hulazimu hata akiwa mjinga au fasiki, na akija mwingine akamshinda, basi huyo wa pili ndiye Imamu. Alichelea fitina, na zama zake zilikuwa za fitina kweli, hatumvunjii heshima. Lakini watawala wengi walilishika neno lake wakayaacha masharti ya Ghazali na Izzuddin.

Na sisi wenyewe tusemeje? Miaka mingi iliyopita mkubwa mmoja alitutaka tuseme kwenye khutba ya Ijumaa kwamba kuvunjwa kwa vibanda vya wachuuzi sokoni ni maslaha ya umma. Hatukusema. Lakini pia hatukusema kinyume chake. Tulikhutubu juu ya fadhila za subira, na waliovunjiwa walikuwa mbele yetu, safu ya pili na ya tatu, wakatusikiliza. Tangu siku hiyo hatumsomi Schmitt kama mtu wa mbali. Tofauti baina ya kunyamaza na kuandika ile makala ya mwaka 1934 ni kubwa, ila njia ni moja, na mwanzo wake ni hapo tulipokuwa tumesimama.

Imam Ahmad bin Hanbal (R.A.) hakumfanyia uasi Khalifa. Katika mtihani ulioanza mwaka 218 H. alitakiwa kutamka neno moja tu juu ya Qur’ani, ili dola iwe na saini yake. Akafungwa, akapigwa mijeledi, saini haikupatikana. Imam Malik (R.A.) alipigwa Madina kwa kusema kwamba kiapo cha kulazimishwa hakimfungi mtu. Dola zao zilikuwa na majeshi na hazina, na bado zilihitaji neno la mwanachuoni. Dola ya Hitler vile vile ililihitaji, na Schmitt akaliuza.

HITIMISHO

Kwa hivyo tunamwambia yule kijana wetu na wenzake: someni, hatuwakatazi. Chukueni kwa Schmitt swali lake, nani huamua siku ya dharura, na mlitumie kuupima uliberali na kila dola inayojidai kuwa haina upanga. Jibu lake liacheni, maana limekwisha kujaribiwa na matokeo yake yanajulikana kwa tarehe na kwa majina ya waliokufa.

Na kwa maimamu wenzetu: siku mtakapoletewa neno dharura lililoandikwa kwenye barua yenye mhuri, msiulize kwanza nani ameileta. Ulizeni kama dharura yenyewe ni ya kweli, ni ya yakini, ni ya wote. Kiasi chake ni kipi, mwisho wake ni lini, na nani ameanza kutoa mkanda wake wa dhahabu. Mkikosa majibu, basi msitie saini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atusamehe tulichonyamazia, na atuthibitishe siku ya kuulizwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.